Lord Northcliffe na Vita Vilivyopigwa Gazetini

Sisi tulio katika kazi ya magazeti hatuwezi kumkana Alfred Harmsworth, aliyeitwa baadaye Lord Northcliffe, kwani mengi tuyafanyayo kila siku yeye ndiye aliyeyaanzisha. Alizaliwa mwaka 1865 huko Chapelizod, karibu na Dublin, mwana wa wakili asiye na mali. Mwaka 1896 alitoa Daily Mail mjini London kwa bei ya nusu peni, gazeti la habari fupi na maneno mepesi, hata karani mdogo akaweza kulinunua. Kwa hilo twamshukuru.

Lakini iko habari ya mwaka 1906 isiyotajwa sana na wamsifuo. Mwaka ule Uingereza haikuwa na vita na Ujerumani. Harmsworth akamwagiza mwandishi William Le Queux atunge kisa cha majeshi ya Kaiser kuivamia Uingereza mwaka 1910, kikatolewa gazetini kuanzia mwezi wa Machi. Le Queux, akisaidiwa na jemadari mstaafu Lord Roberts, alichora njia ya adui jinsi askari angeichora, kupitia mashamba na vijiji. Harmsworth akaikataa, maana vijijini wanunuzi ni haba. Basi adui akageuzwa, akapitishwa katika miji mikubwa, na wenyeji wakatangaziwa mahali atakapofika kesho yake! Barabarani London watu wa kibarua walivikwa sare za Kijerumani na chapeo zenye mwiba, wakatembezwa na mabango ya kukitangaza kisa hicho. Waziri Mkuu, Campbell-Bannerman, alikilaumu Bungeni. Magazeti yakauzika vizuri sana.

Kisa kilikwisha, hofu haikwisha. Kila Mjerumani anyoaye watu nywele au aandaliaye wageni meza hotelini alidhaniwa mpelelezi. Mwaka 1909 wako walioapa kwamba wameona merikebu za angani za adui zikipita usiku, nazo hazikuwapo.

Vita vya kweli vilianza Agosti 1914. Meli Lusitania ilipozamishwa tarehe 7 Mei 1915, makundi ya watu yalivunja maduka ya Wajerumani katika Liverpool, Manchester na London. Waliovunjiwa hawakuwa majemadari. Walikuwa waoka mikate, wauza nyama na vinyozi, wengi wao wakazi wa miaka mingi waliooa wanawake wa Kiingereza. Kabla ya mwaka kwisha, watu zaidi ya 30,000 walikuwa wamefungwa makambini. Hatusemi kwamba Harmsworth peke yake ndiye aliyewasha moto ule. Lakini kuni alizikusanya miaka tisa.

Mwezi uo huo wa Mei alipiga mbiu nyingine, na hii ilikuwa ya kweli: aliandika kwamba askari walioko Ufaransa wanakufa kwa kukosa mizinga yenye risasi za kutosha, akamlaumu Waziri wa Vita, Lord Kitchener. Safari hii hakushangiliwa. Matajiri wa soko la hisa la London walilichoma moto gazeti lake, na wasomaji wengi wakaacha kulinunua.

Alifariki London tarehe 14 Agosti 1922, akiwa na umri wa miaka 57.