Hukwe Zawose: alibeba cha nyumbani, akawa mwalimu Bagamoyo

Msimu wa maombi ya vyuo unapokaribia, ujumbe unaotufikia kutoka Lusu, Nata, Bukene na Nzega mjini huwa na swali moja: kijana anayetaka kusomea uigizaji, akiitwa kwenye usaili wa chuo, atafanyishwa nini? Wazazi nao wana lao. Nauli ya kwenda Bagamoyo na kurudi si ndogo. Je, kuuza gunia la mpunga ili mtoto akaonyeshe maigizo mbele ya walimu si kupoteza?

Leo tunajibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Hakuwa mwigizaji wa tamthilia. Alikuwa manju wa Kigogo, mpiga zeze na mwimbaji. Lakini aliingia katika sanaa ya taifa bila cheti cha muziki, akamaliza akiwa mwalimu katika chuo ambacho vijana wetu wanakipigania leo. Jina lake Hukwe Ubi Zawose.

Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doma, mkoani Dodoma. Ugogo ni nchi kame ya mifugo, mtama na uwele. Sisi wa huku Unyamwezi tunaijua tangu zamani za misafara. Wapagazi wetu waliotoka Tabora na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo walilazimika kupita huko, na watemi wa Kigogo waliwatoza hongo kabla ya kuwaruhusu kuteka maji na kuendelea na safari. Kwa hiyo mtu huyu alizaliwa katikati ya njia ile ile ambayo kijana wa Lusu huipita leo kwa basi akielekea pwani.

Muziki aliupata nyumbani, kwa baba yake. Alijifunza kwa sikio na kwa mkono, jinsi watoto wa kwetu wanavyojifunza ngoma kwa kukaa karibu na wakubwa. Alipiga ilimba, ile marimba ya sanduku yenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Alipiga zeze na filimbi, akafunga njuga miguuni. Sauti yake ndiyo iliyowashangaza watu zaidi: ilianzia chini kabisa, nzito kama ya mzee, ikapanda hadi juu nyembamba kama ya mtoto, katika wimbo mmoja.

Nchi ilikuwa imepata uhuru karibuni. Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana, akitaka ngoma na nyimbo zetu zipewe heshima ambayo ukoloni uliwanyima wenyewe. Vikundi vya sanaa vya taifa vikaundwa Dar es Salaam: cha ngoma, baadaye cha sarakasi, na katika miaka ya 1970 cha maigizo. Mwalimu alipata habari za kijana wa Kigogo mwenye sauti ya ajabu, akamwalika aje kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa katika miaka ya 1960.

Tutue hapo kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu la kwanza kwa vijana wetu. Zawose hakuitwa kwa kuwa aliweza kuiga waimbaji wa mjini. Aliitwa kwa sababu alikuwa na kitu ambacho mjini hakikuwepo. Kijana anayekwenda usaili leo, mara nyingi hufanya kinyume. Anakariri kipande cha mwigizaji maarufu wa filamu za Dar es Salaam, na lafudhi yake, na namna yake ya kulia. Walimu wamekwishaona kipande hicho siku hiyo hiyo kutoka kwa wengine kadhaa. Lakini hawajamwona mzee wa Lusu akijadili mahari, wala mama akimsuta jirani kisimani. Hayo wewe unayajua.

Usaili wa uigizaji kwa kawaida huanza kwa jina na mahali unapotoka. Kisha unaonyesha kipande kifupi ulichokihifadhi kichwani, cha dakika mbili au tatu hivi. Hakuna kipaza sauti. Hapa mtoto aliyezoea kumwita mwenzake ng'ambo ya mbuga ana faida, mradi asidhani kwamba kuigiza ni kupiga kelele. Sauti itoke tumboni, maneno yasikike hadi mwisho wa sentensi.

Jambo la pili huwashtua wengi. Mwalimu anaweza kukukatisha katikati. Anasema urudie kipande kile kile, safari hii ukiwa mgonjwa, au ukiwa unamficha mtu siri, au bila kutumia neno hata moja. Vijana wengine huona wamekwisha feli, wakanyong'onyea. Sivyo. Anayekukatisha anataka kujua kama unafundishika. Kipaji amekwishakiona, sasa anatazama kama kinapindika bila kuvunjika.

Turudi kwa Zawose tuone jambo hilo kwake. Kikundi cha taifa kilikusanya wasanii wa makabila mengi, na msanii hakubaki na ngoma ya kwao peke yake. Mtu mzima aliyekuwa bingwa kijijini kwao alipaswa kukaa tena kama mwanafunzi. Si kila bingwa anakubali hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yalibadilika. Vikundi vile vya taifa vilivunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Wasanii wengi wa vikundi wakahamia huko. Zawose alikuwa miongoni mwao, akawa mwalimu wa muziki wa asili. Aliyejifunza miguuni pa baba yake sasa alifundisha vijana wa mikoa yote. Mwaka 2007 chuo hicho kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, tunayoiita TaSUBa. Hapo maigizo, muziki, ngoma na sanaa za ufundi hufundishwa chini ya paa moja. Kwa hiyo kijana wa uigizaji asishangae akiombwa kuimba au kucheza. Haombwi kuwa bingwa. Anatazamwa kama mwili wake unasikia mdundo na kama haoni haya. Aliyecheza bugobogobo shambani au hiari ya moyo kwenye arusi asiseme hajui kitu.

Mara nyingi kuna pia mazoezi ya kundi. Mnawekwa watano au sita, mnapewa jambo, mnalitengeneza papo hapo. Anayewafunika wenzake ili aonekane yeye tu, huonekana kweli, lakini kwa ubaya. Sikiliza nyimbo za Wagogo utaelewa tunachosema. Kila mmoja anashika sauti yake, tofauti na ya jirani, na wimbo unasimama kwa sababu kila mmoja anamsikia mwenzake. Zawose aliyekuwa na sauti ya kuwashinda wote aliimba miaka yote pamoja na ndugu zake, akiwemo mpwa wake Charles Zawose, na akaunda kundi la familia, Chibite, hapo hapo Bagamoyo.

Kuanzia miaka ya 1980 alipanda majukwaa ya Ulaya na kwingineko, akiwa na zeze lake na mavazi ya Kigogo. Mwaka 1996 albamu yake Chibite ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel. Baadaye alirekodi albamu nyingine, Assembly, pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Wasikilizaji wa huko hawakujua Kigogo, nao walisimama kumshangilia.

Hata hivyo, wazazi, hatutaki kuwadanganya. Maisha hayo hayakuwa mteremko. Kikundi cha serikali kilivunjwa, na wasanii wake walilazimika kuanza upya mahali pengine. Kazi ya sanaa haina mshahara wa uhakika, na wengi wanaomaliza chuo huishi kwa kuunganisha kazi: kufundisha shuleni, kuigiza redioni, kutengeneza matangazo, kuongoza vikundi vya uhamasishaji. Mzazi ana haki ya kumwuliza mwanawe swali gumu, kwani walimu nao watamwuliza: kwa nini unataka kazi hii? Kama jibu ni kutaka kuwa maarufu tu, afadhali gunia la mpunga libaki ndani. Kama kijana amekuwa akiwaigizia watu bila malipo tangu darasa la nne, hapo pana mazungumzo.

Zawose alifariki Desemba 30, 2003, Bagamoyo. Mpwa wake Charles akamfuata mwaka uliofuata. Wengi walidhani muziki ule umezikwa nao. Haukuzikwa. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha mwaka 2024, kwa kampuni ile ile ya Real World.

Basi kijana wa Lusu, kabla ya kupanda basi, fanya haya. Piga simu chuoni mwenyewe uulize tarehe, ada na vyeti vinavyotakiwa, maana masharti hubadilika. Usimlipe mtu anayedai atakupatia nafasi. Andaa vipande viwili, kimoja cha kuchekesha na kimoja cha uzito, uvionyeshe kwanza mbele ya watu wa nyumbani. Bibi yako atakuambia ukweli ambao rafiki atauficha. Beba nguo za kukuruhusu kuruka na kukaa chini. Fika mapema, unywe maji.

Na ukiulizwa unatoka wapi, taja Lusu kwa sauti ya kusikika. Mzee Zawose hakuificha Doma popote alipokwenda.

Kama umewahi kupita katika usaili wa sanaa, uwe ulichaguliwa au la, tutumie ujumbe utusimulie. Tutausoma hewani ili wadogo zako wajiandae.