J.M. Kariuki na Haki ya Mfungwa Kupimwa

Hapa Kabazi, wanafunzi wangu wa historia hunijia mara kwa mara wakitaka kujua J.M. Kariuki alikuwa nani. Wengi wamesikia jinsi alivyokufa. Mimi naamini kwamba maisha yake yana funzo kubwa zaidi, hususa kuhusu jambo ambalo aghalabu twalisahau, nalo ni afya ya mtu aliye kifungoni.

Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa mwaka 1929 huko Kabatini, katika Nakuru yetu hii hii. Wazazi wake walikuwa maskwota katika ardhi iliyomilikiwa na walowezi. Alisoma katika King's College, Budo, nchini Uganda, akarejea Kenya Oktoba 1952, wakati Hali ya Hatari ilipotangazwa. Mwaka mmoja baadaye alitiwa kizuizini, wala hakuachiliwa hadi mwaka 1960. Katika muda huo alihamishwa kutoka kambi hii hadi ile, Manyani ikiwa mojawapo.

Manyani ilijengwa katika nyika ya Tsavo, kando ya reli. Baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, kambi ilifurika watu zaidi ya elfu kumi. Mwaka huo huo homa ya matumbo ikazuka humo na kuwaua wengi. Ugonjwa huo huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Isitoshe, mtu aweza kubeba vijidudu vyake huku akionekana mzima kabisa. Kwa hiyo kumkagua mfungwa kwa macho hakutoshi. Sharti damu na kinyesi vipimwe, na maji yachunguzwe, na wapishi wasisahauliwe. Ujuzi huo haukuwa mgeni mwaka 1954, kwani Mfaransa Fernand Widal alikuwa ameeleza kipimo cha damu cha homa hiyo tangu mwaka 1896. Maarifa yalikuwapo, kilichokosekana ni kumhesabu mfungwa kuwa binadamu.

Kariuki alikuwa na silaha moja tu, kalamu. Aliandika barua kwa siri kulalamikia hali ya kambini, nyingine zikafika hadi London. Alipigwa kwa ajili ya barua hizo, lakini hakuacha. Mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu miaka yake ya kizuizini, akawa pia karibu na Mzee Kenyatta, kisha mbunge na mtetezi wa wanyonge. Machi 1975 aliuawa, na mwili wake ukapatikana katika vilima vya Ngong.

Kwa nini barua zile zilikuwa na uzito? Kwa sababu mfungwa hawezi kujipeleka hospitali. Akianza kukohoa usiku, hawezi kuhama chumba, wala jirani yake hawezi kumkimbia. Uhai wa wote umo mikononi mwa mwenye ufunguo.

Mwaka 1955, mwaka mmoja tu baada ya maafa ya Manyani, mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva ulipitisha kanuni zilizotaka kila mfungwa achunguzwe na daktari anapoingia gerezani, na anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza atengwe. Mwaka 2015 kanuni hizo zilifanywa upya, zikapewa jina la Nelson Mandela. Leo zipo mashine zinazoweza kutambua kifua kikuu katika makohozi kwa muda wa saa mbili hivi. Na janga la korona la mwaka 2020, lililosababisha ziara za jamaa magerezani kusimamishwa, lilitukumbusha jinsi msongamano ulivyo hatari.

Wapo wasemao kwamba mfungwa amejitakia. Wahenga walinena, Mgala muue na haki yake umpe. Hakimu humhukumu mtu miezi au miaka. Hakuna hakimu amhukumuye kifua kikuu. Tena mahabusu wengi hawajapatikana na hatia yoyote. Askari jela naye hurejea jioni kwa watoto wake, na mfungwa amalizapo kifungo hurudi kijijini, pengine Kabazi hapa. Ugonjwa usiopimwa ndani ya kuta hautabaki ndani ya kuta.

Basi, walimu wenzangu, tukimfundisha Kariuki tusiishie Ngong. Tuwafikishe wanafunzi wetu Manyani, kisha tuwaulize ni nani leo anayewaandikia barua wale wasioweza kufungua mlango.