Lanchester na Ramani ya Unguja

Marehemu Henry Vaughan Lanchester hakuwa mtu wa pwani, lakini waandishi wa habari za mji wa Unguja hawawezi kumruka. Alizaliwa London mwaka 1863, mtoto wa mchoraji majengo, naye akaishika kazi ya babaye. Nduguye Frederick alisifika kwa motokaa; yeye alisifika kwa mawe, hasa jumba la baraza la mji wa Cardiff lililofunguliwa mwaka 1906.

Kilichomleta kwetu ni India. Huko alifanya kazi karibu na Patrick Geddes, mwanachuoni wa Scotland aliyeshikilia kwamba mji mkongwe hutibiwa kwa kukata kidogo, pale penye maradhi tu. Mwaka 1918 Lanchester alitoa kitabu juu ya mipango ya miji ya Madras. Mwaka 1923, enzi ya Sultani Khalifa bin Haroub, kikatoka cha Unguja pamoja na ramani zake za njia, bandari, Ng'ambo, na lile hori lililoitenga Ng'ambo na Mji Mkongwe.

Hapo ndipo penye uzito. Kule Eldoret, mji uliopewa jina mwaka 1912, wapimaji walinyoosha njia juu ya ardhi ya Wanandi pasipo nyumba ya mawe ya kuwazuia. Unguja si hivyo! Kila uchochoro una msikiti, baraza, pengine nyumba ya wakfu ambayo aliyeiweka alikwisha kufa zamani. Na ule wembamba wa njia, unaomkera mgeni mwenye gari, ndio kivuli cha mwenye miguu saa saba ya mchana. Kupiga mstari kwa rula ni jambo jepesi. Mzito ni mtu anayeishi chini ya mstari huo.

Mengi yalibaki karatasini. Watu wa Ng'ambo nao walikuwa na shida yao nyingine, kodi ya viwanja, na mwaka 1928 wakagoma kuilipa. Dawa ya shida hiyo haikuwa kwenye ramani. Hori lilikuja kufukiwa lote miaka ya 1950.

Lanchester alirudi India akachora kasri la Maharaja wa Jodhpur, lililoanza kujengwa mwaka 1929. Mwaka 1934 wachoraji majengo wa Uingereza walimtunuku nishani ya dhahabu. Alifariki mwaka 1953. Mji Mkongwe uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, vichochoro vyake vikiwa bado vimepinda.