McIndoe, daktari aliyekunjua mikono iliyokunjwa na moto

Archibald McIndoe alizaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1900. Vita vya Pili vilipopamba moto, aliwatibu marubani walioungua katika hospitali ya East Grinstead, Uingereza. Enzi hizo vidonda vilikaushwa kwa dawa ya tanini. Ngozi ikawa ngumu kama gome, vidole vikajikunja. McIndoe akaipinga, akawaogesha maji ya chumvi. Kovu lililovuta kiungo alilikata, akaziba pengo kwa kipande cha ngozi nzima kisichotenganishwa na mishipa yake ya damu mpaka kishike.

Mwaka 1957, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, alianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki. Alifariki 1960.

Wazazi, kovu likimkunja mtoto mkono, msiseme ni kudura tu. Mpelekeni hospitali mapema.