Camerarius na Siri ya Chavua

Rudolf Jakob Camerarius alizaliwa Tübingen, Ujerumani, tarehe 12 Februari 1665, mwana wa profesa wa utabibu. Naye akasomea utabibu, na angali kijana akakabidhiwa bustani ya mimea ya chuo kikuu cha mji huo.

Siku zile wataalamu walikwisha kuona kwamba ndani ya ua mna vijiti vyembamba vyenye vichwa vitoavyo ungaunga. Mwingereza Nehemiah Grew alikwisha kuandika, mwaka 1682, kwamba vijiti hivyo, yaani stameni, huenda ndivyo sehemu ya kiume. Wengine waliudhani ungaunga huo kuwa ni taka za mmea. Camerarius alitaka mimea yenyewe iamue.

Alianza kwa kuchunguza mforsadi wa kike uliosimama mbali na ule wa kiume: ulizaa matunda, lakini mbegu zake zilikuwa tupu. Kisha akauendea mbarika, ambao wengi wetu huuita mnyonyo. Maua ya kiume ya mmea huu yako chini ya kichala na ya kike yako juu. Aliyaondoa ya kiume kabla vyavulio havijapasuka, akangoja. Vifuko vya mbegu vilinyauka bila mbegu kamili. Katika mahindi alikata zile nywele zitokazo katika gunzi, na punje hazikujaa. Basi ilidhihirika kwamba pasipo chavua, na pasipo njia ya kuipokea, mbegu haifanyiki.

Matokeo hayo aliyaeleza kwa barua ya tarehe 25 Agosti 1694, aliyompelekea Profesa Michael Bernhard Valentini wa Giessen. Sisi twaona kwamba sehemu bora ya barua hiyo ni ile ya bangi. Aliitenga mimea ya kike, nayo hata hivyo ikazaa mbegu kadhaa nzima. Jambo hilo lilimsumbua, lakini hakulificha. Leo twajua kwamba chavua ya bangi huchukuliwa mbali na upepo, na kwamba mmea wa kike mara nyingine huchipua maua machache ya kiume.

Camerarius alifariki mjini mwake tarehe 11 Septemba 1721. Hakupata kujua chavua hutengenezwaje. Ndani ya chavulio, ambacho kwa kawaida kina vifuko vinne, kila seli mama hugawanyika mara mbili na kutoa seli nne, kila moja ikiwa na nusu ya kromosomu za seli mama. Kila seli hiyo hukua ikawa chembe ya chavua. Kwa kawaida walimu huandika habari hii ubaoni wanafunzi wakainakili, nasi tulifundishwa vivyo hivyo. Mnyonyo ulikuwa nyuma ya darasa, wala hapana aliyetupeleka kuutazama.

Mwalimu atakaye kulirudia jaribio katika shamba la shule na atumie mahindi. Kukata mbelewele peke yake hakutoshi, kwa kuwa chavua ya shamba la jirani itakuja na upepo. Magunzi machache yafungwe mifuko ya karatasi kabla nywele hazijatokeza, na mengine yaachwe wazi kwa kulinganisha. Mifuko isiondolewe mpaka nywele zikauke kabisa.