Mwalimu Enoch Sontonga na Kwaya ya Wanafunzi Wake

Watoto wa shule za Kariakoo na Mnazi Mmoja huuimba wimbo wa Taifa, nasi twauimba pamoja nao. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa sauti yake ilitungwa na mwalimu wa misheni kwa ajili ya wanafunzi wake. Twapenda kumtaja humu hasa kwa walimu wetu wafundishao kwaya za watoto, ambao mara nyingine hudhani kazi yao ni ndogo.

Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa, alizaliwa Uitenhage, Afrika Kusini, yapata mwaka wa 1873. Alipokwisha kujifunza ualimu alipelekwa shule ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mji ule wa machimbo ya dhahabu uliwapa wachache mali na Waafrika taabu, ndiyo maana nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni. Aliziandika kwa nota za do re mi, kama zile wazijuazo wanakwaya wetu.

Mwaka wa 1897 alitunga ubeti mmoja na kiitikio, akauita Nkosi Sikelel' iAfrika, maana yake sala ya kumwomba Mungu aibariki Afrika. Wanafunzi wakauimba, na mwaka wa 1899 ukaimbwa mbele ya watu wengi, siku ya kuwekewa mikono Mchungaji Boweni.

Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, kijana bado, akamwacha mkewe Diana na mtoto mmoja wa kiume. Wanakwaya wakawa wakimwendea mjane kuazima nyimbo. Yasemwa kwamba mwishowe aliuza haki ya wimbo ule kwa peni sita, yaani thumuni! Daftari la nyimbo nalo likapotea. Lakini wimbo ulikuwa umekwisha kukaa vinywani mwa watu. Kwaya ya shule ya Ohlange, ya Mchungaji John Dube, ikaueneza, na tarehe 8 Januari 1912 ukaimbwa Bloemfontein, kilipoanzishwa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka wa 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na sauti ileile, kwa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wa Taifa letu.

Miaka hiyo yote kaburi lake halikujulikana. Lilipotafutwa katika makaburi ya Braamfontein lilikuwa gumu kuonekana, kwa kuwa aliandikwa kwa jina la Enoch tu. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alifunua jiwe la ukumbusho mahali pale.