Nahodha Henry Piddington, Aliyezipa Tufani Jina Lake

Katika somo la Jiografia neno saikloni tumekwisha kulisikia mara nyingi, na wengi wetu twadhani kuwa ni neno la zamani sana, kama bahari au upepo. Kumbe sivyo. Neno hilo lina mwenyewe aliyelitunga, naye alikuwa nahodha, jina lake Henry Piddington. Katika toleo hili twapenda kuwaeleza wasomaji habari za maisha yake, kwa kuwa kazi aliyoifanya yatuhusu hata sisi tukaao upande huu wa Bahari ya Hindi.

Piddington alizaliwa Uingereza mwaka 1797, katika mji mdogo wa Uckfield. Aliingia kazi ya merikebu za biashara, akasafiri katika bahari za Bara Hindi na China hata akapata kuwa nahodha. Baadaye aliacha bahari, akafanya maskani yake Calcutta. Lakini mtu huyu hakuweza kukaa bure. Aliandika juu ya mimea ya Bara Hindi, akachunguza udongo na mawe, akawa mtunzaji wa nyumba ya makumbusho ya madini, tena akawa mkuu wa baraza lililosikiliza kesi za merikebu zilizopatwa na ajali. Kazi hii ya mwisho ilimfaa sana, maana kila chombo kilichovunjika kilileta mbele yake mashahidi, na mara nyingine buku la safari pia.

Mwaka 1838 afisa mmoja wa Kiingereza, William Reid, alitoa kitabu kuonyesha kwamba tufani kubwa za baharini hazivumi moja kwa moja kama upepo wa kusi au kaskazi, bali upepo wake huzunguka, na huku unazunguka tufani nzima yasafiri. Mmarekani William Redfield alikuwa amekwisha kuyaona hayo katika tufani za kwao. Piddington alipokisoma kitabu kile aliazimu kutafuta kama ndivyo ilivyo katika Ghuba ya Bengali na bahari za mashariki. Tangu mwaka 1839 akawa anachapisha taarifa zake, moja baada ya moja, katika gazeti la Jumuiya ya Asia ya Bengali, hata zikapita ishirini.

Wanafunzi watauliza: aliwezaje kufuata njia ya tufani, mtu aliyeketi mezani Calcutta, wala hapana simu wala picha za kutoka angani? Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Tufani ikipita, alingoja merikebu zifike bandarini, zile zilizosalimika, kisha akaomba mabuku yao. Ndani yake manahodha walikuwa wameandika merikebu ilikuwa mahali gani, upepo ulitoka upande gani, na zebaki katika barometa imeshuka kiasi gani. Piddington aliziweka merikebu zote katika ramani moja kama zilivyokuwa siku ile na saa ile. Penye kila merikebu alichora mshale wa upepo, na kutoka kwenye mshale ule akapiga mstari wa kuukata sawasawa, kama mkono wa msalaba. Mistari ya merikebu mbalimbali ilipokutana, hapo ndipo kitovu cha tufani kilipokuwa. Akafanya vivyo hivyo kwa siku ya pili na ya tatu, kisha akaviunganisha vitovu, na njia ya tufani ikaonekana. Mwanafunzi yeyote mwenye rula na penseli aweza kuifanya kazi hiyo, lakini kwanza awe na mabuku.

Ushahidi mzuri kuliko yote ulitoka katika merikebu moja, Charles Heddle. Mwezi wa Februari mwaka 1845 ilikuwa karibu na Morisi tufani ilipoikamata. Nahodha akafanya kama wengi walivyofanya: akaupa upepo tezi, akakimbia mbele yake. Alikimbia hivyo siku kadhaa. Piddington alipolipima buku lake aliona kwamba merikebu ilikuwa imekwenda zaidi ya maili 1,300, lakini ilipotoka ndani ya tufani ilikuwa haijafika hata maili 400 kutoka ilikoanzia. Ilikuwa imezungushwa mara kwa mara kukizunguka kitovu, kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, na nahodha akidhani anakimbia! Baada ya habari hiyo ilikuwa vigumu kwa mtu kubisha kwamba tufani hazizunguki.

Mwaka 1848 aliyakusanya maarifa yake katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mabaharia. Ndani ya jalada aliweka vipande viwili vya pembe, vilivyochongwa vyembamba hata vikapitisha nuru, navyo vimechorwa duara na mishale, kimoja cha kaskazi ya ikweta na kimoja cha kusini. Nahodha aliweza kukilaza kipande juu ya ramani yake, akakisogeza mpaka mshale ukalingana na upepo anaouona, akajua kitovu kiko wapi. Kwa ufupi kanuni ni hii: ukiuelekea upepo, upande wetu wa kusini kitovu kiko mkono wako wa kushoto, upande wa kaskazini kiko mkono wa kuume.

Ndani ya kitabu hicho ndimo alimoliweka neno lake, saikloni, akalitoa katika Kigiriki, maana yake kama pindi la nyoka aliyejikunja. Kwa nini asiseme duara tu? Kwa sababu hakutaka kudai kwamba upepo ule wafanya duara kamili. Hapo alikuwa mwangalifu, na ikawa heri, maana baadaye Charles Meldrum wa Morisi alionyesha kwamba upepo huelekea ndani kidogo, hivi kwamba nahodha aliyeishika kanuni ya duara bila kufikiri aliweza kujipeleka kitovuni mwenyewe.

Jambo tunalolikumbuka zaidi ni barua yake. Mwaka 1853 wakubwa wa Bengali walikuwa wakiogopa kwamba mto Hooghly utajaa mchanga, na bandari ya Calcutta itakufa. Wakatazama mto Matla, uliopo katika nchi ya mikoko karibu na bahari, wajenge bandari mpya huko. Piddington akamwandikia Gavana Mkuu, Lord Dalhousie, akamwonya waziwazi. Alijua habari za Coringa, bandari iliyopigwa na mawimbi makubwa mwaka 1789 na tena mwaka 1839. Alieleza kwamba tufani huja na maji, na kwamba siku moja bahari itaingia katika mji huo mpya kwa kina cha futi tano hata kumi na tano. Hawakumsikiliza. Pengine walimwona mzee mwenye wazo moja tu kichwani.

Alifariki Calcutta mwaka 1858. Bandari ikajengwa, ikaitwa Port Canning, na reli ikapelekwa huko. Mwezi wa Novemba mwaka 1867, kabla bandari haijapata umri wa miaka kumi, tufani ilikuja. Haikuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa, lakini maji yalipanda kiasi cha futi sita, yakabomoa magati na nyumba. Baada ya miaka michache bandari iliachwa.

Wazee wa pwani yetu hawakuwa na haja ya kusimuliwa mambo ya Bengali. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikazivunja merikebu za Seyyid Barghash bandarini na kuing'oa mikarafuu mashambani, mahali ambapo watu wengi walidhani tufani haifiki kamwe. Leo kazi ya kuzifuata saikloni za upande wetu hufanywa na ofisi ya hali ya hewa iliyoko kisiwa cha Réunion, kwa picha za setilaiti, na kila tufani hupewa jina lake, kama Idai iliyoupiga mji wa Beira mwaka 2019.

Na ile reli ya Port Canning ingaliko. Treni hutoka Calcutta kila siku na kufika mji wa Canning, lakini merikebu za ng'ambo haziji tena.